Likizo si kazi: punguza hilo begi la kamera

Wadau, leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na begi. Lile begi jeusi lenye zipu nane na mikanda ya kufunga kifuani, ambalo kila kijana wa mjini mwenye kamera hulibeba mgongoni akienda likizo, hata kama likizo yenyewe ni kwenda kumsalimia mama yake.

Najua nitawaudhi baadhi yenu. Wengine ni marafiki zangu, wengine tunakutana kwenye mikutano na waandishi wa habari tukisukumana kupata nafasi ya mbele. Lakini acha niseme. Kamera kubwa na lenzi kubwa kwa safari ya likizo ni upotevu wa pesa, ni adhabu kwa mgongo, na mbaya zaidi, vinakunyima picha. Ndiyo, VINAKUNYIMA. Nitaeleza.

Naanza na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana namnyooshea mtu kidole.

Desemba 2022 nilipata likizo ya siku sita. Sisi watu wa Kilimanjaro mnatujua, Krismasi lazima tupande nyumbani. Nikaazima kamera ya ofisini, nikasaini kwenye daftari kwamba ikipotea au ikiharibika nakatwa mshahara. Ilikuwa Canon 5D Mark III, toleo la 2012, kamera ya kazi ambayo hadi leo inapiga picha safi. Nikachukua na lenzi mbili, ya 24-70 na ya 70-200, zote za f/2.8. Juu yake flashi, stendi ya miguu mitatu, chaja, betri za akiba na kompyuta ya kuhamishia picha. Maana mtu akishakuwa na mzigo mkubwa, hutafuta mzigo mwingine wa kuulinda ule wa kwanza.

Tupige hesabu. Kamera yenyewe ikiwa na betri na kadi ni gramu 950. Lenzi ya 24-70 ni gramu 805. Ile ya 70-200 ni gramu 1,490. Hapo tayari una gramu 3,245, hujagusa flashi wala stendi. Jioni kabla ya safari nikapita kwa mangi wa mtaani kwangu, nikamwomba anipimie begi zima kwenye mizani yake. Kilo 6 na nusu! Mangi akacheka sana. "Kaka, mchele wa uzito huu ungewatosha nyumbani wiki nzima."

Ningemsikiliza mangi.

Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Rombo ni siku nzima kwenye basi. Begi siwezi kuliweka kwenye buti, litapondwa. Siwezi kuliweka juu, nitasinzia na mtu atashuka nalo. Basi nikalipakata kama mtoto. Tuliposimama kula nikaingia nalo chooni. Milima ya Usambara ikapita upande wa kulia, ikafuata ya Upare, jua la jioni likiwa linaipiga kwa pembeni, mwanga ule ambao wapiga picha tunauombea. Nilipiga picha ngapi? Hakuna. Kuitoa kamera kungehitaji kufungua zipu tatu na kumwomba jirani yangu asogeze kuku wake.

Nikafika. Nikamwamkia mama, akaitikia, akaniangalia mgongoni, halafu akauliza swali ambalo mpaka leo linanisumbua: "Baba, umekuja nyumbani au umekuja kazini?"

Nikadhani ni utani. Kumbe ilikuwa tathmini.

Kila nilipoinua lile dubwana, nyumba nzima ilibadilika. Mzee alikwenda kuvaa koti. Baba wadogo walikohoa na kunyoosha kola. Watoto walijipanga mstari kama wanasubiri chanjo. Siku ya soko nilikwenda Mwika, na nilipoelekeza lenzi ya 200 kwa mama mmoja muuza ndizi, akajifunika uso kwa kanga. "Unapiga uende kuniuza wapi?" Sikuwa na jibu. Kwa kweli angejuaje kwamba si biashara? Nilivaa vifaa vya biashara.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Nyumbani tulikuwa na jiko la nje, la kuni. Mafiga matatu, ukuta wa mbao uliojaa masizi, darini mahindi yakikaushwa kwa moshi. Nyumba kubwa ina sebule na makochi, lakini familia yetu haikuwahi kuishi sebuleni. Iliishi jikoni. Habari za ukoo, madeni, nani ameposa, nani ameugua, vyote vilisemwa mle usiku, mama akikoroga mtori, sisi tumekalia vigoda. Siku zote sita nilikuwa naingia mle kila jioni. Na kila jioni kamera niliiacha chumbani.

Kwa nini? Moshi. Masizi. Mvuke. Watoto wanaokimbiakimbia na vikombe vya uji. Na lile daftari la ofisini lenye saini yangu. Nilijiambia kesho, keshokutwa, nitaingia nayo kwa tahadhari. Likizo ikaisha.

Machi 2023 jiko likabomolewa. Mama alistahili jiko bora, na sasa analo, la matofali, lenye bomba la moshi. Namshukuru Mungu. Lakini lile la zamani halipo tena. Mimi, mwandishi wa habari, mwenye digrii, niliyebeba kilo 6 na nusu za vifaa hadi mlimani, sina picha hata moja ya ndani ya jiko lile. Niliyonayo ni ya mdogo wangu wa kike, aliyoipiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Imepinda, ina ukungu. Mama anacheka, mwiko mkononi. Ndiyo picha pekee iliyopo duniani.

Mimi nilirudi Dar na picha zaidi ya elfu moja za watu waliovaa makoti.

Basi hoja yangu ni hii, na naomba muibebe hata kama mengine mtayatupa: ukichagua kamera ya likizo, usiulize kwanza inapiga picha nzuri kiasi gani. Uliza UTAIACHA WAPI. Utaiacha hotelini ukienda kuogelea? Utaiacha ndani ya begi kwenye daladala? Utaiacha chumbani familia ikiwa jikoni? Kila mahali unapoiacha, ubora wake ni sifuri. Kamera dhaifu iliyo mkononi inaishinda kamera bora iliyo kabatini.

"Lakini ubora, kaka, ubora!" Nawasikia. Haya, tuzungumze ubora, maana hapo ndipo vijana wengi wanapotishwa na maneno makubwa.

Lenzi kubwa ni kubwa kwa sababu ya hesabu ya shule ya msingi. Chukua urefu wa fokasi, ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi, gawa kwa namba ya f, utapata kipenyo cha tundu linaloingiza mwanga. Lenzi ya milimita 200 kwenye f/2.8 inahitaji tundu la milimita 71. Ili tundu hilo lipatikane, kioo cha mbele hakiwezi kuwa chembamba kuliko hapo, na vioo vilivyo nyuma yake lazima vilingane nacho. Ndiyo maana inakaribia kilo moja na nusu. Sasa chukua lenzi ya milimita 24 kwenye f/2.8 hiyo hiyo. Tundu lake halifiki hata milimita 9! Namba ya f ni ile ile, kwa hiyo kasi ya picha kwenye giza ni ile ile. Uzito unaoongeza ni wa kuvuta vitu vya mbali. Sasa nauliza, mama yako yuko mbali kiasi gani?

Kitu cha pili ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Wengine hukiita sensa, lakini sisi sensa yetu ni ya kuhesabu watu, kwa hiyo nitakiita kipokea mwanga. Kwenye kamera za ofisini kina milimita 36 kwa 24. Kwenye kamera ndogo za Canon zenye lenzi za kubadilisha ni kama 22 kwa 15. Eneo linapungua zaidi ya mara mbili na nusu, na sitawadanganya kwamba hakuna tofauti. Ipo. Usiku picha inakuwa na chengachenga zaidi, na mandhari ya nyuma haitoki laini sana. Hiyo ndiyo gharama, na ni halali kuitaja.

Ila jiulize unailipia wapi gharama hiyo. Kamera ya megapikseli 18 hutoa picha yenye pikseli 5,184 kwa 3,456. Ukiichapa kwa upana wa sentimita 45 ukatundika sebuleni, bado unapata karibu nukta 300 kwa kila inchi. Na wengi wetu hatuchapi hata hizo. Tunapandisha Instagram kwa upana wa pikseli 1,080, shangazi anaiangalia kwenye simu akiwa ndani ya daladala, anaandika "Amen". Shangazi haoni chengachenga. Shangazi anaona kama umepiga au hukupiga.

Na kuna kichekesho cha kihistoria hapa. Wale wanaokwambia mpiga picha wa kweli lazima awe na kipokea mwanga cha 36 kwa 24, waulize kipimo hicho kilitoka wapi. Kilitoka kwa Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz pale Wetzlar, Ujerumani. Barnack alipenda kutembea milimani na kupiga picha, lakini alikuwa na pumu, na kamera za sahani za kioo za wakati ule zilikuwa mzigo wa kumtoa roho. Miaka ya 1913 na 1914 akatengeneza kikamera kinachotumia filamu ya sinema, akaunganisha fremu mbili za sinema kuwa moja. Ndiyo hiyo milimita 24 kwa 36! Leica ikaingia sokoni mwaka 1925. Henri Cartier-Bresson akaja akazunguka nayo duniani, mara nyingi na lenzi moja tu ya milimita 50, sehemu zinazong'aa akizifunika kwa tepu nyeusi ili asiwashtue watu.

Umeona? Kipimo ambacho leo vijana wanakikopea pesa ili waonekane wakubwa kilizaliwa na mtu mgonjwa wa pumu aliyetaka kupunguza mzigo apande mlima. Kilikuwa ndicho kipimo kidogo cha enzi zake. Tumekichukua, tukakiwekea lenzi za kilo na nusu, tukarudi kulekule alikokimbia Barnack.

Na ushauri wa kubeba kila kitu unatoka kwa nani? Kwa watu wanaorekodi video wakiwa wamekaa studio, vifaa vimepangwa mezani mbele yao. Wahenga walishasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawatakuwepo wewe ukilitoa hilo begi kwenye bodaboda chini ya mvua.

Sasa, nibebe nini? Naomba nisiwe kama wanasiasa wa kulaumu bila kutoa njia.

Mimi nilinunua kamera iliyotumika, Canon EOS 100D, toleo la 2013. Wakubwa wa kamera huicheka. Ina gramu 407 pamoja na betri na kadi. Nikaiwekea lenzi moja tu, 24mm f/2.8, nyembamba kama chapati mbili zilizolaliana, gramu 125. Jumla gramu 532. Hiyo ni karibu moja ya sita ya ule mzigo wa ofisini, na nimeutoa nje kompyuta na stendi. Kwa kipokea mwanga kile, milimita 24 inaona sawa na kama 38 kwenye kamera kubwa, yaani karibu na mtu anavyotazama chumba akiwa amekaa. Inaingia kwenye mfuko wa koti. Ikiangukiwa na uji nitalia siku moja, siyo miezi sita.

Si lazima iwe hiyo. Kuna Ricoh GR III ya gramu 257, inaingia mfuko wa shati. Kuna kamera za familia ya Micro Four Thirds, mfumo uliotangazwa mwaka 2008, ambazo nyingi zilizotumika bei yake imeshuka, na lenzi ya Panasonic ya 20mm f/1.7 ina gramu 100 tu. Kanuni ndiyo muhimu kuliko jina: kamera moja, lenzi moja isiyovuta, betri moja ya akiba, kadi moja ya akiba. Basi. Ukitaka kuvuta, una miguu miwili. Na ukisafiri kwa ndege, mashirika mengi yanakuruhusu kilo 7 za kuingia nazo ndani, kwa nini kilo 6 na nusu ziwe za vioo na zawadi za wazazi zibaki?

Nijibu na mabishano matatu ninayoyasikia kila mara.

La kwanza: "Simu inatosha, kamera ya nini?" Inatosha, kwa wengi. Picha ya maana niliyonayo ya jiko ilitoka kwenye simu, nitaidharauje? Kama unayo simu nzuri na unaitumia, hongera, umeshinda hoja yangu. Mimi tatizo langu na simu ni moja. Nikiitoa kumpiga mama picha, nakuta ujumbe wa mhariri, najibu, nikiinua macho mama ameshatoka. Kamera haina mhariri ndani yake.

La pili: "Nikienda Serengeti je?" Hapo nakubali kabisa. Simba hakusogelei ukamwomba akae vizuri. Kama safari yako ni ya kutazama wanyama, azima au kodi lenzi ndefu kwa siku hizo, gari litakubebea. Hata mechi uwanjani, hata harusi unayolipwa, beba dubwana lako, hiyo ni kazi. Ninachopinga ni kubeba vifaa vya Serengeti kwenda navyo ufukweni Kigamboni.

La tatu linasemwa kwa sauti ndogo, lakini ndilo la kweli kuliko yote: "Nikibeba kakamera kadogo watu hawataniheshimu." Asante kwa kusema ukweli. Kwa wengi wetu lile begi jeusi ni tai ya shingoni. Linawaambia abiria wenzako kwamba wewe ni mtu fulani huko mjini. Nami nilibeba kwa sababu hiyo, nakiri. Nilitaka kijiji kione kwamba digrii imezaa kitu. Sasa pima mwenyewe, heshima ya siku sita barabarani, kwa bei ya jiko zima.

Na tahadhari moja. Udogo wa kamera si leseni ya kuiba picha za watu. Wapo wanaosifia kamera ndogo kwa sababu hawaonekani wakipiga. Hapana, huo ni wizi mdogo. Kamera ndogo inakusaidia kukaa karibu na mtu, na ukikaa karibu na mtu unazungumza naye.

Desemba 2023 nilirudi nyumbani na zile gramu 532. Safari nzima kamera ilikuwa mapajani, wazi. Usambara niliipata kupitia dirisha, na kuku wa jirani yumo kwenye picha pembeni, amependeza. Mwika nilikaa chini na mama muuza ndizi, nikanunua mkungu, tukaongea bei za nauli, nikaomba, akakubali, akataka aione, akasema nimemzeesha. Nikapiga nyingine.

Na jioni niliingia jiko jipya kamera ikiwa shingoni. Hakuna aliyekwenda kuvaa koti. Mzee aliendelea kusimulia habari ya mpaka wa shamba, mkono hewani. Mama akanitazama mara moja, akanipa kisu na ndizi nimenye. Nikamenya, nikapiga, nikamenya. Picha zina chengachenga. Mojawapo nimeichapa, iko ukutani hapa ninapoandika.

Ya jiko la zamani ningeitaka zaidi. Haipatikani tena, hata nikabeba kilo ishirini.

Desemba inakuja. Kabla hujafunga begi, tembea nyumba nzima kichwani: barazani, jikoni, zizini, sokoni, kanisani au msikitini, kwenye basi. Kila mahali jiulize kama kamera itakuwa nawe. Itakayobaki chumbani, iache Dar.

Naomba kutoa hoja.